Mbu Waliosingiziwa Bondeni

Majirani zangu, wa ukuta kwa ukuta na nyinyi wa mbali mtakaonisoma tu, wekeni kazi chini kidogo. Nina kisa cha nyumba inayotazamana na cherehani yangu. Nitakisimulia kama nilivyokiona, na nikipandisha sauti njiani mnivumilie, kwa sababu hasira yake bado haijanitoka.

Asubuhi za uchochoro wetu zilikuwa tulivu. Nikifungua dirisha na kutia uzi kwenye sindano, mbele yangu nilimwona fundi wa viti vya henzerani ameshaketi kibarazani kwake, magoti wazi, anakunja fito polepole mpaka zinamtii. Mkewe alimletea chai. Binti yao, mtoto wa shule ya msingi, alikariri jedwali la kuzidisha huku amevaa kiatu kimoja na kingine anakitafuta chini ya viti. Yule bwana alikuwa fundi hasa, hilo simnyimi. Kiti chake ukikikalia unasahau hata kilichokuleta.

Tulimwita Ramani, na jina hilo alilipata kwa mdomo wake mwenyewe. Mteja akija kuulizia kiti, kabla ya kujibiwa lolote alishasomewa mji mzima na mbu wake, mtaa kwa mtaa.

“Wabaya kuliko wote ni wa bondeni,” alianza hivyo kila mara. “Wale wanapenya hata suruali ya jinzi. Wanaowafuata ni wa nyuma ya kiwanda cha matofali. Halafu wa upande wa reli, ingawa hao wana adabu kidogo, wanakuimbia kwanza.”

“Na hapa kwetu, shemeji?” nilimuuliza siku moja.

“Hapa kwetu hakuna mbu. Ukimwona mbu hapa ujue ni mgeni, amekuja kutembea kutoka bondeni.”

Tulicheka, na wateja wengine wakatikisa kichwa kukubali. Nani asiyependa kuambiwa kwamba uchafu uko kwa wenzake? Lakini mkewe hakucheka. Yeye alizaliwa bondeni, na mama yake mzazi, muuza mboga, bado aliishi hukohuko karibu na kijito.

Mvua zilipoanza kukaza, redio ikatangaza kwamba mjini kumeingia homa inayoletwa na mbu. Sote tuliogopa, na kuogopa si kosa. Ramani yeye alivimba kichwa. “Si niliwaambia?” akasema, na siku hiyohiyo akanunua wavu wa madirisha, mzigo mzima.

Mikono ya fundi ni mikono ya fundi. Aliuvuta wavu kwenye kila dirisha mpaka ukawa unaweza kuupiga kama ngoma. Akaziba matundu ya hewa, akaziba mpenyo chini ya paa, akaufunika hata ua wa ndani kwa juu, ule ua alikofanyia kazi zake. Mlangoni aliweka milango miwili ya wavu, mmoja ndani ya mwingine. Ukiingia wa kwanza, unasimama katikati, anakupiga kitambaa kuanzia kisogoni hadi visiginoni, ndipo unafunguliwa wa pili. Mimi nilipigwa kitambaa hicho nilipokwenda kumpima suruali, na nikamwambia kwamba hata polisi wana mkono mwepesi kuliko wake.

Siku hiyo ndiyo niliyoliona hodhi lake. Lilikuwa la saruji, limejengwa kwenye kona ya ua, na ndani yake fito za henzerani zilikuwa zimelala majini zikilainika, maana henzerani kavu ukiikunja inavunjika. Maji yalikuwa ya rangi ya chai nzito. Nikaona vidudu vyembamba vinapanda na kushuka, vinajipinda na kujinyoosha.

“Shemeji, haya maji mbona yana wadudu?”

“Hao ni wachezaji,” akanijibu kwa majivuno. “Aliyenifundisha kazi aliwaita hivyo. Maji mapya hayalainishi kitu, henzerani inabaki na kiburi. Ukiwaona wachezaji, ujue maji yamekomaa. Mimi haya siyamwagi, naongeza tu yakipungua.”

Mimi ni fundi wa nguo, nitajuaje mambo ya henzerani? Nikachukua vipimo vyangu nikaenda zangu.

Bibi wa bondeni alikuwa na desturi ya kuja kila Jumamosi na kikapu chake. Jumamosi iliyofuata alikuta mkwewe amesimama nyuma ya wavu.

“Mama, naomba tusielewane vibaya,” Ramani akasema. “Mjukuu wako muone kutokea hapohapo nje. Mbu wa kwenu wanajificha kwenye nguo.”

“Kwetu wapi, mwanangu?” bibi akauliza. “Si hukohuko ulikokuja kuposa?”

Ramani hakuufungua mlango. Bibi akaweka kikapu chini, akakaa kwenye ngazi, na mjukuu akaja kukaa upande wa pili wa wavu. Walizungumza hivyo, mtoto anapitisha vidole kwenye matundu na vidole havipiti. Mkewe alisimama nyuma yao akikunja ncha ya kitenge chake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na nyumba ile ilizidi kumpunguzia hata hayo machache.

Baada ya hapo Ramani akamtoa mtoto shuleni. Sababu? Eti anakaa dawati moja na mtoto wa bondeni. Mwalimu alikuja kuuliza, akapigwa kitambaa, akasomewa ramani, akaondoka. Kutoka siku hiyo binti akawa mtu wa dirishani. Alibana uso kwenye wavu mpaka pua ikawa na alama za vijisanduku.

“Shangazi, leo barabarani kuna nini?” aliniuliza kila nilipofungua cherehani.

Nami nilimsimulia. Gari la mikate limekwama kwenye tope. Mbuzi wa kinyozi amekula tangazo la kinyozi. Wakati mwingine nilitia chumvi ili acheke. Alicheka, kisha akainama kujikuna.

“Unajikuna nini, mwanangu?”

“Mbu, shangazi. Wananing’ata miguu nikikaa uani kuchora.”

“Mchana huu?”

“Mchana ndio wengi.”

Nilimwita Ramani palepale nikamwambia mtoto anang’atwa. Akacheka. “Mbu wa mchana hana ugonjwa, shemeji. Mwenye ugonjwa anatembea usiku. Huyu wa mchana ni mpotevu tu.”

Mkewe akapiga moyo konde akasema, “Lakini tangu tufunge nyavu wamezidi.”

“Basi kuna tundu,” Ramani akajibu.

Alizunguka nyumba nzima akitafuta tundu, uso umegusa wavu, kidole kinapapasa mshono kwa mshono. Hakupata. Na kwa kuwa hakupata, akaamua tundu ni mkewe. Kwamba anaacha milango wazi anapotoka kutupa taka, kwamba anaupenda mno upepo wa kwao. Basi akanunua kufuli. Akitoka kupeleka viti alifunga kwa nje, ufunguo akautia mfukoni, na mama na mtoto wakabaki ndani mpaka arudi.

Ndugu zangu, mimi nilipiga kelele. Nilimwambia, “Shemeji, moto ukiwaka je?” Akasema mimi si wa nyumba ile. Kinyozi alimwambia pia, akajibiwa akanyoe vichwa. Wengine walisema mume ana haki ya kulinda nyumba yake. Joto likawa linapanda mchana, hewa haipiti, na mimi nilipokanyaga cherehani niliwaona wale wawili wamekaa sakafuni karibu na mlango, mahali penye ubaridi, wakingoja kufuli lilie.

Kisha mtoto akashikwa na homa. Ilikuja kwa ghafla na kwa nguvu. Alisema macho yanauma kwa ndani, mifupa inauma, hata nywele zinauma. Mama yake aliomba wampeleke hospitali.

“Hospitali gani?” Ramani akafoka. “Pale benchi zima ni watu wa bondeni. Nimpeleke akachukue nyingine?”

Akaenda duka la dawa akaeleza kwa mdomo, akanunua vidonge vya malaria, akampa. Hakuna aliyempima mtoto hata tone la damu. Bibi aliposikia mjukuu anaumwa, akawa anakuja kila siku baada ya kuuza mboga, anakaa kwenye ngazi, anamwimbia kupitia wavu.

Baada ya siku kadhaa homa ikashuka. Ramani alitoka kibarazani mikono juu kama aliyeshinda mechi. “Imekimbia!” akatutangazia. “Hakuhitaji daktari, alihitaji baba.” Akapakia viti kwenye mkokoteni, oda ya ofisi moja upande wa pili wa mji, akafunga kufuli, akaenda zake.

Adhuhuri ile sitaisahau. Nilikuwa nashona shati la sare niliposikia sauti ya mkewe. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, kwa hiyo mwanzoni sikujua ni nani.

“Dada! Dada yangu! Mtoto anatoka damu!”

Nilivuka uchochoro na mkasi mkononi, hata sikujua nimeushika. Kupitia wavu nilimwona mtoto amelala mapajani kwa mama yake, midomo mikavu, ufizi unachirizika damu. Alikuwa ametapika. Alikuwa ameshika tumbo, na mama yake akasema mikono imekuwa ya baridi. Bibi alikuwa ameshasimama mlangoni akilitikisa kufuli.

“Kata wavu wa dirisha!” nikamwambia. “Kisu si unacho?”

“Kisu ninacho.”

“Kata basi!”

Akalitazama dirisha. Akamtazama mtoto. “Akirudi atasema nini?” akaniuliza.

Majirani, hebu kaeni na hilo kidogo. Mama ana damu ya mtoto wake kiganjani na kisu jikoni, na dirisha lile halina hata nondo moja, maana Ramani hakumwogopa mwizi, alimwogopa mbu. Ni wavu tu. Kisu cha kumenyea viazi kingetosha. Lakini alikuwa amefungwa kwa muda mrefu, na mkono haukunyanyuka.

Bibi ndiye aliyeuchukua mkasi mkononi mwangu. “Nipishe,” akasema. “Akiuliza, mwambieni ni mkwewe aliyekata.” Akauchoma wavu katikati, akakata mpaka chini, kisha akakata pembeni, ukaning’inia kama mfuko uliochanika. Hewa ya ndani ilitoka ya moto, na pamoja nayo wakatoka mbu. Walitupita usoni wengi, wakitoka, si wakiingia. Sikupata nafasi ya kuyafikiria hayo wakati ule.

Tulimpokea mtoto dirishani. Alikuwa mwepesi. Dereva wa gari la mikate alisukuma kreti zake upande mmoja, tukamlaza mtoto katikati ya harufu ya mikate ya moto, na mama yake akapanda bila viatu.

Hospitali walikimbia naye ndani, wakamtundikia maji ya dripu, wakamtoa damu kupima. Daktari alipotoka alikuwa na uso wa kazi.

“Ni kidingapopo,” akasema. “Wengine wanaiita dengi. Homa hii inapopungua ndipo wakati mwingine hatari inaanza, si kwamba imekwisha. Usiku wa leo tutamkesha. Siwaahidi kitu.” Kisha akauliza, “Mbu wake anang’ata mchana. Mtoto huwa anashinda wapi mchana?”

“Nyumbani,” mama akasema.

“Na shuleni?”

“Haendi. Hatoki, daktari. Hana anapokwenda.”

Daktari akaacha kuandika. “Basi mbu mnao nyumbani,” akasema.

Ramani alifika jioni, jasho linamtoka, kipande cha wavu kimening’inia mkononi. Na neno lake la kwanza, ndugu zangu, kabla ya kuuliza mtoto yuko kitanda gani, lilikuwa hili: “Nani amekata wavu wangu?”

“Mimi,” bibi akasema.

“Nilijua! Nyinyi watu wa bondeni mmeniletea mbu, sasa mmewafungulia na dirisha!” Alipiga kelele mpaka muuguzi akamshika bega akamtoa nje. Mimi nilitamani kumshona mdomo.

Kesho yake asubuhi daktari alimtuma afisa wa afya, dada mmoja mwenye tochi na upawa mweupe. Ramani alimpokea kwa shangwe, akaanza kumwonyesha madirisha na mishono. Dada akamsikiliza kwa heshima, kisha akapita moja kwa moja hadi uani, akatumbukiza upawa kwenye hodhi, akauinua.

“Mzee, hawa ni nini?”

“Wachezaji. Ndio wanaokomaza maji.”

“Hawa ni viluwiluwi vya mbu, baba yangu. Wanaota mbawa, wanaruka, wanang’ata. Hodhi hili lingeweza kuujaza mtaa mzima mbu, ila wako hawakuweza kufika mtaani. Uliwafungia humu pamoja na familia yako.”

Ramani akabisha. Alibisha kwa jina la aliyemfundisha kazi, kwa jina la miaka yote ya ufundi wake. Dada hakubishana naye. Alimimina ule upawa kwenye chupa ya kioo, akafunika mdomo wa chupa kwa kipande cha wavu uliokatwa, akafunga kwa uzi niliompa mimi. “Iweke mezani,” akamwambia, “na uitazame.”

Aliitazama. Nilimwona kupitia lile dirisha lililochanika, amekaa mbele ya chupa kama anayengoja kuhukumiwa, wakati kule hospitali mwanawe anapigania uhai. Siku ya pili yake mbu wa kwanza alikuwa amesimama ndani ya chupa, juu ya maji, miguu ina mistari myeupe. Akafuatiwa na mwingine, na mwingine. Wakaupanda wavu kwa chini wakitafuta pa kutokea, wasipate. Ramani akatamka neno ambalo sikulielewa, akanyanyuka, akabeba nyundo, akalivunja hodhi kona ile yote mpaka maji yakamfika viatuni. Kisha akasugua kuta zilizosalia kwa brashi, maana dada alimwambia mayai hunata kwenye saruji. Akatembea kwa miguu hadi hospitali.

Mtoto alikuwa amevuka. Ufizi umekauka, amekunywa uji, macho mazito lakini yako hai. Juu ya kitanda kulikuwa na chandarua kilichofungwa fundo. Muuguzi, akiwa na haraka, akamwambia baba, “Mshushie mwanao chandarua, mzee, wasije wakamng’ata wakawapelekea na wengine homa hiyo.”

Ramani akakishusha. Mikono ile ya fundi ilianza kuchomeka pindo chini ya godoro, taratibu, upande mmoja hadi mwingine. Mtoto akafumbua macho akamwona. Hakulia. Alivuta shuka hadi kidevuni, akasema kwa sauti ndogo, ya adabu kabisa:

“Baba, usinifunge. Sitatoka. Nitakaa hapahapa tu, siendi kwa bibi. Usinifunge.”

Mikono ya Ramani ikasimama. Mkewe, ambaye siku zote alitazama chini, safari hii alimtazama usoni bila kupepesa. Bibi akamalizia kuchomeka chandarua mwenyewe, akimwambia mjukuu wake kwamba hiki hakina kufuli, atakifunua wakati wowote atakao. Ramani akatoka ukumbini akalia kwa sauti, hata watu waliokuwa wanangoja dawa wakadhani amefiwa.

Mtoto alipotoka hospitali alikwenda bondeni, na mama yake pia. Ramani huwafuata huko kila siku baada ya kazi, hukaa nje kwa bibi, wala hataji tena mtaa wa mtu. Ameng’oa kufuli. Mkewe amemwambia hana kinyongo cha kumwacha, lakini atarudi siku ambayo mtoto ataingia mlango ule mwenyewe, bila kushikwa mkono. Wamejaribu mara nyingi. Mpaka ninapoandika haya, mtoto akifika kibarazani kwao husimama, hutazama mlango ulio wazi, hugeuka na kumshika bibi yake nguo.

FUNZO LA KISA HIKI

Ndugu zangu, msiniulize tena ni mtaa gani wenye mbu wabaya. Mbu hajui mpaka wa mtaa wala hamdharau mtu kwa alikozaliwa. Anataka maji yaliyosimama tu, na maji hayo mara nyingi yako uani kwetu: kwenye hodhi, pipa, tairi kuukuu, kisahani cha chini ya ua la sebuleni. Mwageni, sugueni, funikeni, kabla hamjanyoosha kidole kwa mwingine. Kama kazi yako inahitaji maji, badilisha maji, hata kama aliyekufundisha hakubadilisha.

Sisemi mng’oe nyavu. Wekeni nyavu, laleni kwenye vyandarua, jikingeni na wa mchana kama wa usiku. Mtoto akichemka, apimwe, asipewe dawa ya kubahatisha, na homa ikishuka huku anatapika au anatoka damu, mkimbizeni msingoje.

Lakini lililoniuma kuliko yote ni hili. Mtu akikuambia anakupenda, kisha akakufungia na kuweka ufunguo mfukoni, hiyo si kinga. Na sisi majirani, tukiliona kufuli la namna hiyo, tusingoje damu ndipo tuvuke uchochoro. Hospitali ilimtibu mtoto yule homa yake. Kile alichotiwa na baba yake kwa kumlinda, hakuna anayejua dawa yake, na kila akiletwa tunamwona anasimama mlangoni kwao na kugeuka.